Milioni 14 kwa Kamera Isiyo na Zumu

Kuna ukoo mmoja wa kamera ambao kadiri unavyokupunguzia vitu ndivyo unavyokuongezea bei. Hazina zumu. Lenzi haitoki, imefungwa kiwandani na itabaki hapo mpaka kiama. Nyingi hazina hata flashi. Kamera yenyewe inaingia kwenye mfuko wa koti, na sijui ni nani anayevaa koti Dar es Salaam mwezi wa Februari. Lakini ndani mna kihisi cha mwanga chenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, ukubwa uleule wa picha alioutumia Oskar Barnack alipokuwa akitengeneza Leica ya kwanza kule Wetzlar, Ujerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wenye fani wanaita fulu freimu. Nyumbani kwangu inaitwa "ile habari yako".

Bei ina sababu zake, na mimi huzieleza kwa yeyote atakayekosea akakaa nami meza moja. Kihisi kikubwa kinakusanya mwanga mwingi, kwa hiyo picha za usiku hazitoki na chengachenga. Kwa kuwa lenzi haibadilishwi, wahandisi wanaweza kuisukuma ndani mpaka kioo chake cha nyuma kikakaribia kabisa kihisi, ndiyo maana kitu kizima kinakuwa kidogo. Na shata yake imo ndani ya lenzi, inafunga kwa mnong'ono ambao hata paka aliyelala hageuzi sikio.

Baada ya hapo uhandisi unakwisha na biashara inaanza. Mwaka 2012 Sony walitoa RX1 kwa dola 2,800, na kwa hela hiyo hukupata tundu la kuchungulia. Ukilitaka, la kielektroniki lilikuwa dola 450, la kioo 600. Kikinga jua cha lenzi kiliuzwa dola 180. Halafu kulikuwa na kipande cha chuma cha kuegemezea kidole gumba, dola 250. Kidole gumba nilipewa bure na Muumba. Mahali pa kukiweka ndipo panapohitaji mchango wa ukoo. Toleo la mwaka 2015, RX1R II, liliweka tundu ndani, linachomoza juu ukilihitaji, ila likaondoa flashi iliyokuwapo, na betri ikakadiriwa picha 220 hivi kwa chaji moja. Mwezi Julai 2025, baada ya miaka kumi ya ukimya, likaja toleo la tatu: megapikseli 61, takriban dola 5,100, na skrini isiyoinuka. Ya toleo la pili ilikuwa inainuka.

Leica nao waliingia mwaka 2015 na Q, dola 4,250, lenzi ya milimita 28 yenye tundu la f/1.7. Q2 ya 2019 ikapanda hadi dola 4,995, na Q3 ya 2023 ikafika 5,995, yaani zaidi ya shilingi milioni 14 kabla ushuru haujaamka. Usoni ina kidoti chekundu kinachojulikana dunia nzima, na wapo wapiga picha wanaokibandika utepe mweusi ili wasijulikane wamebeba nini. Kampuni ikawasikia. Mwaka 2018 ikatoa Q-P, ambayo haina kidoti, na bei yake ilikuwa juu ya ile yenye kidoti. Sijawahi kuona utajiri ukifichwa kwa gharama ya wazi namna ile.

Mke wangu ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwetu, na mikopo ameikataa ya watu wenye hoja nzito kuliko zangu. Alisikiliza kila kitu huku akichambua mchele.

"Inavuta karibu?" aliuliza.

"Haivuti, Mama Asha. Unasogea mwenyewe."

"Milioni kumi na nne, halafu nisogee mimi?"

Nikamwambia kipo kitufe. Ukikibonyeza, kamera inakata pembeni mwa picha, ionekane umesogea. Q3 inaweza kukata mpaka picha ikae kana kwamba imepigwa na lenzi ya milimita 90.

"Hata simu yangu inakata."

"Lakini hii inapiga gizani."

"Giza la nini, Baba Asha? Umeme ukikatika sisi si tunalala?"

Akaniuliza kama nimewahi kupiga hesabu ya bajaji. Nilikuwa nimepiga. Kila mwanamume wa mji huu anayetaka kitu cha zaidi ya milioni nane ameshapiga hesabu ya bajaji, na bajaji hushinda, kwa sababu jioni inaleta hesabu ya siku, wakati kamera jioni inaleta picha za bajaji za watu wengine.

Basi rafiki yangu mmoja akaniazima ya kwake, niitumie kwenye send-off ya mtoto wa shemeji yangu. Simtaji yeye wala aina ya kamera yake, kwani bado anaipenda. Alinikabidhi kwa mikono miwili, akanionyesha namna ya kuivaa shingoni, akanionyesha tena, kisha akatusindikiza mpaka barabarani, mimi na kamera, akimwangalia zaidi mwenzangu.

Ukumbini palikuwa na mpiga picha wa kukodi, kijana wa fulana nyeusi mwenye kamera yenye lenzi ndefu, flashi juu, betri ya ziada chini. Ninajua aina ile; mzigo wote wa yule kijana haufiki nusu ya bei ya kilichokuwa kikining'inia kifuani pangu. Ila yeye aliponyanyua mkono, watu walipasuka katikati, akina mama wakarekebisha vilemba, na bibi harusi mtarajiwa akaganda na tabasamu. Mimi nilipojongea, mjumbe wa kamati mwenye beji alinigusa bega. "Baba, samahani, mpishe mpiga picha." MC naye, kwa kipaza sauti, aliwaomba wageni wote wenye simu waketi. Alikuwa akinitazama mimi.

Ni jambo ambalo sijaliona kwenye uchambuzi wowote wa kamera hizi, na nimesoma mwingi kuliko afya yangu inavyoruhusu. Watengenezaji wanauza udogo. Wanahesabu gramu, wanajisifu kwamba hutaonekana. Kutoonekana ni sifa mahali ambapo mtu ameshaheshimiwa tangu nyumbani na sasa anataka kupumzika. Kwenye sherehe ya Kitanzania lenzi ndefu ndiyo kadi ya mwaliko. Inakupitisha mbele ya wazazi wa pande zote mbili, inakuweka jirani kabisa na ndafu inapokatwa, inakukalisha kwenye meza ya mafundi ambako sahani huja bila foleni. Mimi nilipanga foleni ya pilau nikiwa na kamera ya bei kubwa kuliko jenereta la ukumbi, nyuma ya watoto wawili waliotaka kujua kama kale kadude kana gemu.

Picha zenyewe, nilizozipata kwa kupenyeza mkono kati ya mabega, zilikuwa na mambo yao. Kamera za siku hizi hutafuta jicho la mtu na kuling'ang'ania. Kwa bahati mbaya nyuma ya jukwaa alikuwa amesimama kijana wa muziki, fulana yake ya kampeni ina uso wa mgombea udiwani wa uchaguzi uliopita. Mgombea yule alikuwa na macho makubwa, yametulia, hayapepesi. Binti alikuwa anapepesa, anafuta machozi, anainama. Kamera ikampigia kura mgombea. Ninazo picha za mwali akimkumbatia mama yake, wote wawili wamefifia kwa ulaini wa ghali sana, na katikati yao, unyusi kwa unyusi, diwani ambaye hata hakushinda.

Lenzi pana nayo ina tabia ya kumnyoosha kila anayekaa ukingoni mwa picha. Katika picha ya ukoo, ukingoni alikaa shangazi. Nilijaribu kumhamishia katikati, lakini huwezi kumhamisha shangazi wa Kisukuma aliyekwisha kukaa, na kumweleza kwamba ni suala la milimita 28 kulizidisha mambo. Alipojiona kwenye skrini alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kamera hiyo nimeinunua au nimetumwa nayo.

Zawadi zilipoanza kutolewa, betri ikazima. Nikatoa pawabenki mfukoni, nikachomeka waya, nikawa natembea na kamera shingoni na waya ukishuka mpaka mfuko wa suruali. Hapo ndipo heshima ilipokuja. Yule mjumbe wa kamati alinifuata mbiombio, akaniita "fundi", akaniomba nikaangalie spika ya kushoto, inakoroma.

Nilipofika nyumbani nilisafisha picha usiku kucha. Laptopu yangu ilipokea mafaili yale kwa mguno, feni ikawa inazunguka kwa hasira mpaka Asha akaja kuuliza ni gari la nani nje. Nikachagua zile ambazo diwani hakuhudhuria, nikazituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. WhatsApp, kama kawaida yake, ikazibana zote zikapita kwenye tundu moja na picha za sufuria, za matangazo ya viwanja na za salamu za asubuhi zenye waridi. Makumi ya megapikseli yakawa kimbaumbau. Mama mkubwa ndiye aliyejibu wa kwanza: "Nzuri sana mwanangu. Hiyo ni simu gani?"

Kesho yake, kabla ya kurudisha kamera ya watu, niliipeleka Kariakoo. Siku za nyuma nimewahi kupita Mtaa wa Kongo na kamera kubwa. Huchukui hatua mbili bila kuulizwa unatoka televisheni gani, umepewa ruhusa na nani, na hiyo video itaonyeshwa saa ngapi. Safari hii hakuna aliyeuliza. Fundi cherehani aliendelea kupiga lapa za suruali, miwani imeteremka puani. Mchukuzi alipita na robota la mitumba akinifokea nipishe, na hata kumpiga nilimpiga akifoka. Shata haikusikika. Kwa masaa yale ya mchana nilikuwa mtu asiye na kazi maalumu, jambo ambalo kwa mwandishi si mbali na ukweli, na kila nilichopiga kilikuwa chenyewe, hakijajiweka sawa. Kama kuna mtu anataka kujua hizo milioni zinakwenda wapi, zinakwenda hapo. Kwenye kihisi kidogo cha simu ningepata sura zilezile za mchana, hilo silipingi. Ila jua lilipozama tulipitia kwa muuza chipsi, mimi na mke wangu, na yule kijana alikuwa na balbu moja tu inayoning'inia juu ya karai. Mke wangu akacheka kitu alichosema mwenye mishikaki. Nikabonyeza.

Picha ile aliiona Jumapili. Alikuwa anatafuta picha za send-off, akafika kwa chipsi, akasimama. Moshi unaonekana, kila uzi wa mtandio unaonekana, na nyuma yake mji umeyeyuka kuwa mataa.

"Hii alipiga nani?"

"Mimi."

"Mbona sikukuona?"

Nilijizuia kutoa mhadhara wa shata, na naamini kujizuia huko ndiko kulikobadilisha mjadala. Akaikuza picha, akaipunguza, akajitumia mwenyewe kwenye simu yake, akaiweka kuwa picha yake ya wasifu. Wanakikoba wakaanza kumiminika na mioyo na maua. Mmoja alimuuliza ni studio gani.

Siku chache baadaye aliniita mezani akiwa na daftari la hesabu. Mpya, alisema, haiwezekani, hilo tusilizungumze. Bajaji haijaondoka kwenye ajenda. Lakini alitaka kujua kama hizo kamera huuzwa zilizotumika. Nikamwambia huuzwa, hata ile ya kwanza kabisa ya mwaka 2012 bado inapiga vizuri, mwanga wake haujaisha. Nikamwonyesha moja niliyokuwa nimeiona, muuzaji yupo Dubai na ana binamu anayekuja mwisho wa mwezi. Sikumwambia nimeiona tangu lini.

Akasoma maelezo yote kwa kidole, mstari kwa mstari, namna anavyosoma fomu za mkopo.

"Flashi inayo?"

"Hiyo ya zamani inayo."

"Haya. Na hilo tundu la kuchungulia?"

"Hilo halimo."

"Basi mwambie apunguze bei, maana haijakamilika."

Nikamwandikia muuzaji hivyohivyo. Alijibu upesi, kwa adabu kabisa: tundu analo, jipya, lipo kwenye boksi lake, ila analiuza peke yake. Na kama nitapenda, kile cha kuegemezea kidole gumba pia kipo.