Jinsi ya Kuiba Hesabu Msimamizi Akikutazama

Sogea hapa, mtahiniwa wa Katwe, kwetu kwenye chumvi, tuongee polepole. Najua unachotaka: alama nono kwa jasho dogo, na jina lako litajwe sokoni siku matokeo yakitoka. Sikulaumu. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Usinunue kioo kikubwa.

Kuna vikokotoo vya kuchora grafu, vyenye kioo kipana cha nukta nukta, vinavyobeba programu na hata maandishi. Casio walitoa cha kwanza mwaka 1985, fx-7000G, na haikupita muda wanafunzi wakagundua kwamba wamepewa daftari lenye vitufe. Marekani walifika mbali: waliandika programu inayoonyesha kwamba kumbukumbu imefutwa, kumbe haikufutwa hata herufi. Texas Instruments wakajibu kwa kuweka hali ya mtihani, na katika baadhi ya vikokotoo taa ndogo inayomweka ili msimamizi aione akiwa mbali. Wewe usijisumbue. Maelekezo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yanaruhusu kikokotoo kisichopiga kelele na kisichopokea programu, na kile kioo kipana kinaonekana tangu mlangoni. Utaingia nacho, kitabaki mezani kwa msimamizi, na utapiga logi kwa majedwali.

Hatua ya 2. Kijue kioo kidogo kuliko anavyokijua jirani yako.

Chukua fx-82MS ya Casio, ile ya kawaida. Kioo chake kina mistari miwili. Wa juu ni wa nukta, unaandika swali lako lote. Wa chini ni wa vipande saba kwa kila tarakimu, unatoa jibu. Ukikosea, usifute na kuanza upya kama wanavyofanya wengi. Bonyeza mshale, swali linarudi, rekebisha tarakimu moja, endelea. Jirani anaandika tena kwa mara ya tatu. Wewe umeshahamia swali la pili. Hapo umeiba dakika, na hakuna sheria inayokataza.

Hatua ya 3. Ukitaka kuficha kitu.

Kina nafasi tisa za kumbukumbu: A hadi F, kisha M, X na Y. Kila moja inabeba namba moja tu. Fomula haiingii. Utaficha nini? Mchapuko wa mvutano wa dunia? Karatasi ya Fizikia inakutajia. Na msimamizi anayeijua kazi yake atabonyeza SHIFT, MODE, 3 na alama ya sawasawa, kila ulichoficha kiondoke.

Mwache afute, tena mshukuru. Nafasi hizo zina faida mtihani ukishaanza. Umepata 7.483314774 na swali bado linaendelea? Usiandike 7.48 halafu ukaiingiza tena. Iweke kwenye A, uiite baadaye ikiwa nzima. Tarakimu ambazo wenzako wanazitupa njiani ndizo zinazowaharibia jibu la mwisho.

Hatua ya 4. Hii ndiyo siri yenyewe, isome mara mbili.

Watu hawaangushwi na trigonometria, wanaangushwa na herufi ndogo juu ya kioo. Jana ulimwazima binamu kikokotoo, akacheza nacho, akakirudisha kikiwa kwenye radiani. Leo unapiga pembe za pembetatu nzima, mbinu sahihi, majibu yote upuuzi. Kabla ya swali la kwanza bonyeza sin 30. Ukipata 0.5, uko salama. Ukipata -0.988, uko kwenye radiani, ukipata 0.4539, uko kwenye gradi. Bonyeza MODE mara mbili, kisha 1, na D itatokea juu. Sasa unaona kwa nini nilisema umshukuru msimamizi: kule kufuta kwake kunakirudisha kikokotoo kwenye digrii.

Hatua ya 5. Akija mtu na karatasi.

Atakuja usiku, iwe Bwera au Kasese mjini, na picha kwenye simu, akisema mtihani umevuja. Mwulize swali moja: nani atakaa ndani kwa niaba yangu? Sheria ya UNEB ya mwaka 2021 inataja kifungo hadi miaka 10, au faini hadi shilingi milioni 40, au vyote viwili. Mama yako amesimama kwenye maji ya chumvi yanayochoma ngozi ili ada yako ipatikane. Piga hesabu mwenyewe, faini hiyo ni magunia mangapi ya chumvi.

Na njia ya mkato inayong'aa si ngeni kwetu. Kile kiwanda cha chumvi cha hapa Katwe kilijengwa kwa mashine za Kijerumani, kikafanya kazi muda mfupi, mabomba yakaliwa na chumvi ileile yaliyoletwa kuichota. Wenye vidimbwi vyao vya chumvi bado wanavuna.

Hatua ya 6. Usiku wa kuamkia mtihani.

Nawa mikono vizuri kabla ya kufungua sehemu ya betri. Chumvi ikiingia pale, kioo kitafifia katikati ya swali. Weka betri mpya. Mfuniko uache nyumbani, maana fomula zinazoandikwa ndani yake kwa penseli wasimamizi wamezikamata miaka na miaka. Kisha azima rangi ya kucha ya dada, uandike jina lako mgongoni mwa kikokotoo, herufi kubwa, binamu asije akakichukua tena.