Bwawa la Shemeji

Shemeji yangu wa Mbezi Beach alijenga bwawa la kuogelea ili alikodishe kwa sherehe: mita nane kwa nne, kama lita 48,000 za maji. Fundi bomba wake akatoa bomba moja la inchi moja na nusu kwenye pampu, akalipitisha ukutani na kuliwekea matundu manne ya kurudishia maji. Nilipouliza maji yatagawanyikaje, akanitazama kwa huruma.

"Maji yanajua yenyewe, bosi."

Na kweli yalijua. Tundu la kwanza likawa kama mgeni aliyeketi jirani na mpishi wa pilau: nyama zote zake. La pili likaonja, la tatu likasikia harufu, la nne likabaki na vyura. Klorini haikufika kona ile, mwani ukastawi.

Shemeji akanunua pampu kubwa zaidi, maana mwenye pesa hana tatizo lisilotibika kwa mota kubwa. Uniti za LUKU zikaanza kuyeyuka, tundu la kwanza likamvua mtoto wa jirani kaptula, na vyura wakaendelea kulala. Ndani ya bomba lile lile jembamba, maji yakienda kasi maradufu ukinzani hupanda karibu mara nne. Vyura walilijua hilo kabla yetu.

Aliyeleta vipimo ni mke wangu, ambaye hupika ubuyu wa kuuza. Alidondosha rangi yake nyekundu kila kona. Karibu na pampu ilitoweka papo hapo. Kwa vyura ilisimama mpaka magharibi.

Fundi wa pili akavunja vigae. (Bei siitaji, shemeji husoma makala zangu.) Akazungusha bomba la inchi mbili bwawa zima, mkia ukaungana na kichwa, ili kila tundu lilishwe kutoka pande mbili kwa msukumo unaokaribiana. Akaibana midomo ya matundu na kuielekeza upande mmoja, maji yazunguke na kupeleka majani ya mwarobaini kwenye mdomo wa kunyonya uchafu. Mdomo wenyewe fundi wa kwanza aliuweka upande unakotokea upepo wa kusi, kwa hiyo miezi yote ya kusi majani yalikuwa yakiukimbia.

Asubuhi ya sherehe ya kipaimara, mke wangu akataka kuhakikisha. Safari hii alimimina kopo zima. Kabla turubai halijasimama, bwawa lote lilikuwa la waridi, sawasawa kila kona, hata kwa vyura. Shemeji akashika kichwa. MC, ambaye hakuwa amelipwa bado, akanyakua kipaza sauti na kutangaza kwamba leo hata maji yamevaa sare ya shughuli. Vigelegele! Kina mama wakapanga foleni ya kupiga picha ukingoni.

Jioni shemeji akaongeza mstari kwenye ankara ya mteja: "Mapambo ya bwawa."