Mwavuli wa Mheshimiwa

Mwaka 2022 Showmax ilituonyesha County 49, tamthilia ya njama na madaraka katika kaunti ya kubuni. Ya kubuni ya nini, jamani, na Muhuru Bay ipo? Njooni matanga yoyote huku Nyatike. Kijana mwenye suti ya kuazima hamjui marehemu, ila anajua gari la mheshimiwa litaegeshwa wapi, na analilia upande huo huo. Mkononi ana mwavuli. Mvua hakuna, kinachotafutwa ni kichwa cha kufunikwa. Juzi alimfunika mgombea mmoja, leo anamfunika mpinzani wake. Mjane, muuza omena, amekosa kiti. Itifaki imezingatiwa tangu saa nne asubuhi, na jeneza lingali juani.