Ihsani ya Marikebu za Anasa

Mnamo Machi 2020, maradhi ya Korona yalipokwisha kuingia Marekani, shirika la Carnival, bingwa wa marikebu za anasa, lilijitokeza kwa ihsani isiyo kifani likasema kwamba baadhi ya vyombo vyake vyaweza kugeuzwa hospitali za muda kwa wagonjwa wa maradhi mengine, ili hospitali za nchi kavu zibaki na wenye Korona. Na habari hiyo Rais Trump akaitangaza mwenyewe.

Mwezi uliotangulia, Diamond Princess, chombo cha shirika lilo hilo, ilikuwa imetia nanga Yokohama kwa karantini, na katika watu wake takriban 3,700 zaidi ya 700 wakaambukizwa. Sifa ya kuzalisha wagonjwa, basi, ilikwisha kuthibiti. Ya kuwaponya ndiyo iliyongoja dalili. Wala mimi sikuona taabu ya kuugeuza ukumbi wa kamari kuwa wodi, kwani humo watu wamezoea kulala macho wakitaraji bahati.

Kule Genoa, Waitaliani waliichukua feri Splendid, wakawaweka humo wagonjwa waliokuwa wakipata nafuu, bila makeke mengi. Ama Carnival, ambayo wakati huo ilikuwa imeandikishwa Panama, mbali kidogo na mtoza kodi wa Marekani, ilikumbuka kuongeza, kwa adabu zote, kwamba gharama za lazima za chombo kikiwa bandarini zitalipwa na huyo atakayekihitaji.