Heri Mwizi wa Sarafu

Wamarekani wanastahili pongezi kwa namna wanavyogawa mawakili wa bure. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Clarence Earl Gideon, aliyeshtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool huko Florida na kudaiwa kuiba sarafu, kwamba mshtakiwa wa jinai asiye na pesa apewe wakili. Bibi kizee anayedaiwa kodi ya nyumba hahusiki, na ndivyo inavyopasa: amevunja nini? Anasimama mbele ya hakimu na risiti zake kwenye mfuko wa plastiki, akitazamana na wakili wa mwenye nyumba. Laiti angejitahidi, akavunja hata dirisha!

Mwaka 1981 mahakama hiyohiyo ilisema mama anayenyang'anywa mtoto si lazima apewe wakili kila mara. Mtoto si sarafu.

Asidhani mtu kwamba maskini wametupwa. Tangu 1974 lipo shirika la Legal Services Corporation, ambalo kwa kawaida humsaidia mwenye kipato kisichozidi asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Aliyezidi hapo kwa dola chache apewe hongera, maana keshatajirika. Ripoti ya shirika hilo ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 92 ya matatizo makubwa ya kisheria ya madai ya wenye kipato duni hayakupata msaada wa kutosha, au wowote. Hizo nane zilipenyaje?

Walioharibu mambo ni New York. Mwaka 2017 walikuwa jiji la kwanza kuwahakikishia wapangaji maskini wakili wanapotishiwa kufukuzwa, na wengi waliompata wamebaki majumbani mwao. San Francisco ikaiga mwaka uliofuata.