Mstaafu Asiye na Nafasi

Mwaka 2009 serikali iliposogeza umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60, mzee wetu wa Kakamega alinung'unika kwamba anacheleweshewa mapumziko. Sasa anayo. Katikati ya wiki yuko Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, akiuliza swali refu kuliko mhadhara wenyewe. Ngoma ya isukuti ikilia Khayega alfajiri, yuko uwanjani kuwafundisha wenye fahali namna fahali anavyopigana. Kisha wageni wa Nairobi: wapelekwe Ilesi kuliona jiwe linalolia, walishwe kuku, yaani ingokho. (Jogoo wa mwisho amehamia kwa jirani, kwa hiari yake.) Mama watoto amemshauri aombe likizo. Mzee anauliza fomu ya likizo sasa ataitia sahihi nani.