Mwadhini na mboloko

Kumwita mboloko, paa mdogo wa msituni, hakuhitaji chombo cha dukani. Unabana pua kwa vidole viwili, unaachama kidogo, unasukuma sauti kutoka kooni ipite palipozibwa: nyeee, nyeee, nyeee, kilio cha mtoto aliyepatwa na mambo na mama yake hayupo. Unasita. Unarudia. Mboloko akiwa karibu anakuja mwenyewe, tena mbio, mpaka hatua chache kutoka ulipochutama, na hapo upinde wa kijana yeyote unatosha. Wawindaji wengi wa msitu wa Kongo wanaijua kazi hii, na huko Gabon watafiti waliwahi kuuazima mwito huohuo, si kwa ajili ya mchuzi bali kwa kuhesabu wanyama.

Sisi wa kijiji cha Lusangi tuna mwitaji wetu, naye ni baba yangu mdogo, ambaye pia ndiye mwadhini wa msikiti. Koo ni lilelile. Alfajiri anaita watu, alasiri anaita mboloko, na nikipima kwa haki naona wanaoitikia porini ni wengi kuliko wanaoacha kitanda. Wageni hushangaa kusikia adhana katikati ya Maniema, mashariki ya Kongo. Nawaambia Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, na wenzake walikuja huku wakifuata pembe za ndovu, jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji likauteka mji wao wa Kasongo Aprili 1893, pembe zikaenda zake, na sisi tukabakiwa na msikiti, mpunga, na Kiswahili hiki ninachokusumbua nacho.

Nimesoma jinsi wenzetu wa Marekani wanavyomvuta paa dume wao, yule mwenye pembe za matawi, ifikapo Novemba na damu ikamchemka. Wanagonganisha pembe mbili kavu ili adhani madume wawili wanagombea jike. Wanapuliza filimbi inayokoroma. Na wapo wanaomwaga chini mkojo wa paa jike, uliotiwa chupani na kuuzwa kwa pesa halali. Nilipomsimulia baba mdogo habari ya chupa aliniuliza mara mbili kama nimesoma vizuri. Kisha akasema mboloko hawezi kudanganywa hivyo, maana ni mtu wa ndoa. Na kweli, mboloko huishi dume na jike wake katika kieneo chao kidogo cha msitu, wakiokota matunda yanayoangushwa na nyani na ndege. Ukimtaka atoke, usimwahidi mwanamke mwingine. Mlilie mtoto.

Dume au jike, huwezi kuchagua. Wote wana uzito wa kilo 4 hadi 6, mgongo haufiki goti, na kwa kawaida wote wana vipembe visivyozidi urefu wa kidole. Mmarekani angepeleka nini ukutani hapo?

Ubaya wa mwito huu ni kwamba hauna jina la mwitwa. Unasema tu kuna mtoto taabuni, na msituni wanaojali watoto ni wengi, wakiwemo wanaojali kwa ajili ya tumbo. Tai wakubwa wa msituni wanamla mboloko. Chui naye ana masikio. Ndiyo maana baba mdogo haiti kabla hajapata mti mnene wa kuegemeza mgongo, na mimi mwenye upinde ananiweka mbele, kwa heshima, anasema.

Safari ninayotaka kuisimulia tuliingia kichaka cha nyuma ya mashamba ya muhogo, kiangazi, majani makavu yakipiga kelele kila tulipohamisha unyayo. Baba mdogo akatoa majivu mfukoni, akayapukutisha kidogo, yakaelekea kwetu: upepo mzuri. Akabana pua. Nyeee.

Wa kwanza kufika alikuwa mbuzi. Mbuzi jike wa jirani, kamba aliyoikata bado inaning'inia shingoni, akatutazama usoni mmoja mmoja akitafuta mwanawe. Tukamfukuza, akakataa. Akakaa na sisi, anacheua.

Wa pili tulimsikia mbali, mbio kweli, matawi yanavunjika. Nikavuta upinde mpaka kidole kikagusa shavu. Kichaka kikafunguka akatoka mama mkubwa, mke wa kaka yake baba, panga mkononi, amepandisha kitenge magotini, anahema.

"Mtoto yuko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Aliangalia upinde, akaangalia mbuzi, kisha akamwona shemeji yake amechutama chini ya mti, kofia ya kiua kichwani, vidole viwili bado vimeibana pua.

"Mwalimu," akasema polepole, "ni wewe unayelia?"

Mwalimu akaachia pua, akaamkia vizuri, akauliza habari za muhogo.

Alipoondoka na mbuzi tuliyemkabidhi amrudishe kwa jirani, tuliita tena, na safari hii akaja mwenyewe. Hakuna mlio wa majani. Palikuwa hapana kitu, kisha pakawa na mboloko, rangi ya majivu yenye ubuluu ndani yake, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, unyevu wa pua unang'aa, mkia unapepea weupe wake juu chini, juu chini. Hatua sita hivi. Nikamtaja Mungu moyoni na midomo ikatikisika. Nikaanza kuachia.

"BISMILLAHI, ALLAHU AKBAR!"

Ile ndiyo sauti inayovuka mto bila kipaza sauti. Mshale uliingia ardhini. Mboloko alipiga chafya ya hofu, na hatukumwona tena wala yeye wala kizazi chake.

Tulibishana njia nzima. Nikamwambia madhehebu yetu ni ya Shafii, na kwa Shafii kutaja jina la Mungu wakati wa kurusha ni sunna. Mtu akiacha, nyama inaliwa. Akasema Wahanafi wanaona ni wajibu. Nikamuuliza Lusangi kuna Mhanafi gani. Akasema yeye haachi sunna kwa sababu ya mnyama wa kilo tano. Nikasema basi aitaje kwa kunong'ona. Akasimama njiani, akanitazama kwa masikitiko ya kweli: miaka yote hii, kunong'ona hajajaliwa.

Usiku tulikula bukari, ndio ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo. Mama mkubwa ndiye aliyepakua, na kila alipomfikia shemeji yake alimwongeza kijiko, akimwambia ale, anyamaze, asilie tena.

Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imekwisha kuenea mpaka kwa watoto wa madrasa. Walijificha nyuma ya ukuta wa nyumba yake baada ya alasiri, wakabana pua, wakalia kwa pamoja. Baba mdogo akatoka mlango wa uani na kanzu yake, upinde mkononi, akachutama, akapukutisha majivu kuangalia upepo.